Mkanda wa Bunduki ya Kunguru

Zuwena aliniuliza kwa ujumbe wa sauti akiwa njiani, maana nyuma yake nilisikia honi za Ubungo. "Shikamoo mama. Samahani kukusumbua na mapumziko yako. Wanataka kutununulia mikanda ya hizi bunduki mpya, wamesema tuchague wenyewe. Sasa kila mtu ana lake. Tuchukue upi?"

Nilianza kumjibu kwa mstari mmoja, nikafuta. Nikaongeza, nikafuta tena. Mume wangu akauliza naandikiana na nani muda wote huo, nikamwambia naandikiana na mkanda. Mwisho nikaona bora nikae mezani niandike kitu kirefu, wakisome yeye na wenzake wote wa kitengo, hata wale walioajiriwa baada ya mimi kuondoka. Vyeo nilivyopata sitavigusa, wala mshahara. Hivyo havijawahi kumfundisha mtu kubeba kitu. Nitaandika juu ya mkanda, na nikitoka nje ya mada kidogo mnivumilie. Nimestaafu, muda ninao.

Kwa yeyote atakayefikiwa na maandishi haya bila kutujua: sisi ni watu wa kunguru. Wale weusi wenye shingo ya kijivu, waliotoka ng'ambo zamani wakaupenda mji huu kuliko tunavyoupenda wenyewe. Wanakula vifaranga, wanavunja mayai ya ndege wengine, wananyakua nyama buchani na samaki kwenye beseni la muuzaji, na wakikuotea wanaondoka hata na sabuni. Sehemu kubwa ya kazi tunaifanya kwa mitego, vibanda vya waya ambavyo kunguru anaingia kwa juu halafu hajui pa kutokea. Lakini kunguru wakishaona wenzao wamenaswa, mtego ule unageuka pambo. Hapo ndipo tunapotoa bunduki ya upepo. Haina baruti. Inasukuma kidonge kidogo cha risasi kwa hewa iliyobanwa, na mlio wake hautimui soko zima.

Siku yangu ya kwanza nilikabidhiwa kwa Mzee Nandonde. Alikuwa Mmakonde wa Newala, mrefu, mwenye kofia ya kijani iliyopauka, na kwa wakati ule ndiye aliyekuwa mlengaji wetu pekee. Mie nilikuwa nimetoka Songea na cheti cha mifugo na viatu vipya. Aliviangalia viatu, akasema, "Hivyo vitakutesa," kisha akanipa bunduki. Haikuwa na mkanda.

"Mkanda uko wapi, mzee?"

"Kwanza ibebe. Jioni utaniambia mwenyewe unataka mkanda wa namna gani."

Tukaingia Tandika, tukazunguka kutwa. Bunduki ilikuwa tupu, maana kwake hakuna mtu aliyetembea na kidonge ndani, awe nani. Asubuhi niliona ni nyepesi. Kufika saa za chakula nilikuwa nimeishika kwa kila namna ambayo binadamu anaweza kushika kitu kirefu: kama mtoto, kama kuni, kama fagio. Lakini uzito haukuwa ndio tatizo kubwa. Tatizo lilikuwa mikono. Nilitakiwa kupanda ngazi, kufungua mageti, kushika darubini, kumwonyesha mjumbe barua yetu ya kazi, na mkono mmoja haukuwa wangu tena. Mzee mmoja wa mtaa alininyooshea mkono wa salamu, nikampa wa kushoto kwa sababu wa kulia ulikuwa na bunduki. Aliniangalia kana kwamba nimemtukania mama yake.

Jioni Mzee Nandonde akaniuliza. "Haya. Mkanda gani?"

"Wowote utakaoniachia mkono wa kulia nisalimie watu."

Akacheka, na hakuwa mtu wa kucheka ovyo. "Wengi huanza na bega. Wewe umeanza na salamu. Tutaelewana."

Ndivyo nilivyoanza kupenda kitu ambacho watu hawakipendi, yaani kuchunguza mikanda. Kwa miaka mingi nilikuwa namtazama kila mtu aliyetundika kitu begani: muuza kahawa, fundi wa nyaya, kijana mwenye spika ya kutangazia dawa ya panya. Nilikuwaga namfuata mtu kabisa, namuuliza, "Samahani kaka, hicho kinakuumiza wapi?" Wengi walinijibu vizuri. Mmoja alidhani namtaka, akanipa namba ya simu.

Mkanda wangu wa kwanza ulikuwa kamba ya nailoni. Una faida moja, unapatikana kila duka. Kwa upande mwingine unateleza, na mabega yangu yameteremka kama ya chupa, kwa hiyo kila baada ya hatua chache nilikuwa napandisha bega kuurudisha. Jasho likiingia, nailoni inakata ngozi. Nikahamia mkanda wa begi la shule. Huo ulikuwa mpana kiasi, lakini vishikizo vyake vya chuma vilikuwa vinagongana, kli, kli, kli, na kunguru wa Temeke hawahitaji taarifa zaidi ya hiyo. Nilivifunga kwa kitambaa. Mvua iliponyesha kitambaa kikaloa, kikakauka kigumu, kikaanza nacho kukwaruza. Mzee Nandonde hakunikataza kitu chochote. Alikuwa anaangalia tu, kisha anauliza, "Kimefanyaje?" na alikuwa anataka jibu kweli.

Kulikuwa pia na suala la watu. Kunguru tunawafuata kwenye watu, na mtu akimwona mama mzima na bunduki begani hasubiri kuuliza ni ya nini. Siku moja nilishuka Ubungo nikiwa na haraka, sijaifunika. Muuza maji akapiga ukelele, "Jambazi!" na nafasi ikapatikana mbele yangu ambayo sijawahi kuiona Ubungo kabla wala baada. Askari walikuja, barua wakaisoma, tukaelewana, lakini kuanzia hapo nikanunua mkoba wa gitaa. Bunduki ilikaa ndani vizuri kama imezaliwa humo. Shida ikahamia Kimara, ambako mzee wa kanisa letu aliniona mara kadhaa na ule mkoba, akasimama ibadani akashukuru kwamba kwaya imepata mpiga gitaa. Nilikwenda kumweleza baada ya ibada. Alisikitika, sio kwa sababu ya bunduki, kwa sababu ya gitaa.

Basi nawaambia mapema: mkanda ni wa eneo la kazi. Njiani bunduki ikae ndani ya mkoba. Msibishane na mtu kwa hilo.

Bunduki za zamani zilikuwa za kukunja mtutu ili kujaza hewa, na zilivumilika. Kisha zikaja hizi mnazozijua nyie, zenye mtungi wa hewa chini ya mtutu na darubini juu yake. Zinalenga vizuri ajabu na ni nzito kama zimebeba mtu. Mzee Nandonde alizitumia kidogo tu, kwa sababu muda wake wa kustaafu ulikuwa umefika. Siku anaondoka hakutaka hotuba. Alinivuta kando ya stoo akanipa mkanda wa ngozi alioukata na kuushona mwenyewe, mwembamba, mweusi, umepakwa mafuta ya nazi mpaka unanukia.

"Ngozi ilitosha mikanda miwili," akasema. "Mmoja wako, mmoja wangu."

"Wako utaufanyia nini, mzee, na bunduki unairudisha?"

"Mtu hakosi cha kutundika begani."

Sijawahi kupewa zawadi iliyonigusa vile kazini. Nilikuwa nautumia kila siku, na mtu akitaka kuuazima nilikuwa nasema umechanika.

Ulikuwa ndio mkanda uliokuwa begani mwangu wakati kunguru wa Msasani waliponitia kwenye fumbo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nasahau chai mpaka inapoa. Kulikuwa na mgahawa pale karibu na maji, kunguru wanashuka kwenye sahani za wateja, wamemparua mhudumu mmoja kichwani. Tukaenda mie na Zuwena, ambaye alikuwa mgeni kazini. Mara ya kwanza tulipata kunguru kadhaa. Mara ya pili sikufika hata mlangoni. Wakapiga kelele juu ya paa zima, wakaondoka.

"Mama, hawa wanakujua sura," Zuwena akasema.

"Sura tu? Au gari? Au hii sare?"

Sikuweza kulala na swali kama lile. Kesho yake nikamwomba Zuwena baibui lake la akiba, nikajifunika mpaka macho. Alicheka akakaa chini. Nikapita getini, kunguru kimya. Nikazunguka meza, kimya. Bunduki ilikuwa begani, mdomo chini, wanaiona, na bado kimya. Nikashusha bunduki begani nianze kazi, na kabla haijafika mkononi kelele ikaanza, wakatawanyika.

Tukarudi tena. Safari hiyo bunduki tuliiacha garini. Zuwena akapita ameshika fimbo mkononi kama bunduki, hakuna aliyejali. Mie nikatundika mwavuli kwa mkanda uleule wa ngozi, nikautoa begani kwa mwendo wangu wa kawaida: bega juu, kiwiko nje, kichwa kikiinama kupisha mkanda. Wakapiga kelele kwa ajili ya mwavuli. Nikarudia siku nyingine, nikiwa na gauni la kawaida, na mkoba wa sokoni badala ya mwavuli. Kelele. Mfagiaji wa pale alisimama na fagio lake akamuuliza Zuwena kwa sauti ya chini kama mama mkubwa wake anaumwa.

"Sio bunduki," nikamwambia Zuwena, nikiwa nimefurahi kama nimepata mtoto. "Wala sio sura. Ni bega langu."

Sisemi kwamba hiyo ni sayansi. Nasema kwamba mimi na Zuwena tulirudia mpaka tukachoka na jibu lilikuwa lilelile. Kunguru yule anasoma mwendo. Kwa hiyo mkanda mzuri kwetu ni ule unaokuwezesha kuifikisha bunduki mbele bila bega kusimulia habari. Nilijua hivyo, na bado niliendelea na ule wa ngozi. Nilijifunza kuutoa polepole, nikijificha nyuma ya gari au nguzo. Mtu anaweza kufanya mengi ili asiache kitu alichopewa na mtu anayempenda.

Halafu mkono ukaanza kufa ganzi. Kwanza kidole gumba cha kulia, kisha cha shahada. Nilikuwa nafungua kitabu cha nyimbo kanisani, nageuza kurasa mbili au tatu kwa pamoja bila kujua, naimba ubeti wa wimbo mwingine. Nikasema ni baridi, na Dar baridi haipo. Nikasema ni kulalia mkono. Nikauchua kwa mafuta.

Siku iliyonitisha nilikuwa Tandika, juu ya paa la zege la jengo la ghorofa moja. Chini yangu kulikuwa na mama lishe anaosha sahani, na ng'ambo ya uwanja kunguru ametua mbele ya shina nene la mwarobaini, mahali salama kabisa, kidonge kikikosa kinaishia kwenye shina. Nilikuwa nimebeba bunduki ile nzito tangu asubuhi. Nikalenga. Nikapeleka kidole kwenye kifyatulio na nikawa nasubiri kukihisi ndipo niamue. Sikuhisi kitu. Nikadhani sijafika. Bunduki ikalia.

Kidonge kiliingia kwenye shina, kunguru akaondoka zake. "Umempata?" mama lishe akauliza kutoka chini, bila kuinua uso kwenye sahani zake.

"Hapana, mama."

"Watarudi tu, usijali."

Nilikaa chini palepale juu ya zege. Hakuna aliyeumia, hakuna aliyejua. Lakini bunduki ilikuwa imefyatuka kabla sijaamua, na kwa kazi yetu hakuna jambo baya zaidi ya hilo. Kama ningekuwa naigeuza kuelekea uwanjani, huko kulikuwa na wanawake na beseni zao za biashara. Niliitoa hewa yote, nikampigia mkuu wa kitengo simu nikiwa bado juu ya paa, nikamwambia mkono wangu wa kulia hauaminiki na leo nashuka bila kulenga tena.

Daktari, hospitalini Temeke, alikuwa kijana mpole. Alinibonyeza juu ya bega karibu na shingo, umeme ukashuka mpaka kwenye kidole.

"Unabeba nini hapa?"

"Bunduki."

Alisogeza kiti chake nyuma kidogo. Nikamwambia ni ya kunguru, akacheka, akasogea tena. Akanieleza kwamba mishipa ya fahamu ya mkono inapita hapohapo, na mkanda mwembamba wenye uzito unaibana, kama mtu aliyekanyaga mpira wa maji bustanini. Ukitoa mguu mapema, maji yanarudi. Ukichelewa sana, yeye hawezi kuahidi. Nipumzike, nifanye mazoezi, na nikirudi nisibebe vile tena. Kama ganzi isingeondoka, kazi ya kulenga ilikuwa imekwisha kwangu.

Nikiwa kwenye mapumziko nilikwenda kwa Shabani, fundi wa mabegi wa Kimara Mwisho, nikamwekea mezani mkanda wa begi la shule, kipande cha kamba na mfuko wa mchanga wenye uzito wa bunduki. Mkanda wa ngozi niliuacha nyumbani. Sikutaka mtu mwingine auone ukilaumiwa.

"Mama, unataka nini hasa?" akauliza.

"Sijui. Tujue pamoja."

Hapa ndipo lilipo jibu la Zuwena, kwa hiyo wenye haraka someni hapa. Tulijaribu mengi, tukaishia kwenye mkanda wa kiti cha gari, ule wa usalama, ambao Shabani aliupata kwa wauza vyuma chakavu. Ni mpana, hauvutiki, haulowani ukavimba, na ukipita kwenye nguo hautoi sauti. Hautundikwi kwenye bega peke yake. Unapita mgongoni kutoka bega la kushoto mpaka ubavu wa kulia, kama mkoba wa kondakta, ili uzito ugawanyike kati ya bega, mgongo na kiuno. Pale unapokaa begani tulishona kipande cha soli ya ndala kwa ndani, kwa sababu ndala haitelezi hata kwenye jasho, na bega la chupa linapona. Tulijaribu sponji ya kochi kwanza; ndani ya wiki ikawa chapati. Vishikizo viwe vya plastiki ngumu, na kiwepo kimoja cha kufunguka kwa mkono mmoja, ili mkanda ukinasa kwenye ngazi au nondo mtu aachie bunduki, sio aanguke nayo. Urefu mjipimie wenyewe: bunduki ikining'inia nyuma isigonge goti, na ukiivuta ije mbele kwa kupita chini ya kwapa, bega likiwa limetulia. Kila asubuhi uvute kwa nguvu zako zote kabla hujapanda popote. Na mkanda wa Zuwena hautamfaa mwenzake Juma. Dukani watawaambia upo wa saizi zote. Hakuna bega la saizi zote.

Nilipoubeba kwa mara ya kwanza Msasani, niliivuta bunduki mbele na kunguru wa pale paani wakaendelea kugombania mfupa. Zuwena alinifinya mkono. Ulikuwa mkono wa kulia, na nilihisi.

Mkono wangu ulirudi. Sio siku moja. Ulikuja kwa vipande, kwanza kama sisimizi, kisha kama sindano, kisha kama mkono. Nikabaki na kazi moja ambayo niliikwepa kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kusema: kumweleza Mzee Nandonde kwamba mkanda wake nimeuweka kando. Angeweza kusikia kwa mtu mwingine, na hilo nisingelivumilia.

Nilikwenda Mbagala Jumapili mchana, nimeufunga kwenye kanga. Alikuwa amekaa barazani, na mkewe Bi Somoe alikuwa ndani akipepeta mchele.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Asteria. Kunguru wamekwisha?"

"Wapo."

"Basi una kazi." Akaiona kanga, akaona kilichomo. "Mbona umekuja nao? Umekatika?"

"Haujakatika."

"Ushonaji umeachia?"

"Umeshonwa vizuri sana, mzee. Umenishinda mimi." Nikamweleza yote: bunduki mpya na uzito wake, vidole, paa la Tandika, daktari. Nilieleza haraka haraka, nikiangalia sakafu. Nilipomaliza alikuwa ameushika mkanda, anauvuta mshono baada ya mshono, akitafuta kosa pale alipokuwa anajua kulitafuta.

"Mie nimebeba mkanda wa hivi maisha yangu yote ya kazi," akasema. Sauti ilikuwa imekaza.

"Najua, mzee."

"Na sijawahi kuumwa."

Bi Somoe akajibu kutoka ndani. "Hujawahi kuumwa, lakini vifungo vya shati nakufungia mie."

"Huo ni uzee, Somoe."

"Uzee gani wa mkono mmoja?"

Mchele ukaacha kupepetwa. Nikasahau aibu yangu, kwa sababu swali la Bi Somoe lilikuwa zuri mno kupita hivihivi. "Mzee," nikasema, "ganzi iko wapi?"

Aliutazama mkono wake wa kulia kana kwamba umeletwa na mgeni. Akakigusa kidole gumba kwa mkono wa kushoto. "Hapa." Akakigusa cha shahada. "Na hapa."

Vidole vilevile. Nikainua macho, na ukutani nyuma yake nikaiona bomba ya kupulizia dawa, ile ya kubeba mgongoni, maana tangu astaafu alikuwa anapulizia bustani za mchicha za watu huko bondeni. Mikanda yake ya asili ilikuwa imekatika. Bomba yenyewe ilikuwa imetundikwa kwa mkanda mmoja wa ngozi, mwembamba, mweusi, umepakwa mafuta. Ikijaa maji ile ni nzito kuliko bunduki yoyote ya serikali.

Aliona ninachokitazama. Kisha akasema taratibu, "Kwa hiyo nilikupa ugonjwa wangu, nikaupaka na mafuta."

"Ulinipa ulichokuwa nacho, mzee."

"Babangu alikuwa mchongaji," akasema, na hilo sikuwahi kulisikia kwa miaka yote tuliyokuwa pamoja. "Na mie nilikuwa nachonga. Nikaacha kwa sababu patasi ilikuwa inaniponyoka. Nikasema basi, vidole vimezeeka, Mungu ametoa, Mungu ametwaa." Akakunja na kukunjua ule mkono. Hakuwa amekasirika tena. Alikuwa na ule uso wake wa zamani, wa kuuliza. "Daktari wako alisemaje kuhusu waliochelewa?"

"Alisema hawezi kuahidi."

"Lakini hakusema haiwezekani."

"Hakusema."

"Somoe," akaita, "kesho unifungie shati mapema. Naenda Temeke."

Hospitalini walimpa mazoezi ya shingo na bega, na kazi ya kuokota maharage kwenye sahani moja kupeleka nyingine. Alilalamika kwamba amefikia umri wa kuchezeshwa bao peke yake. Shabani alimtengenezea bomba yake mikanda miwili mipana, ya mabega yote, yenye soli za ndala ndani, na kwa kipindi kirefu Bi Somoe alimkatalia kuibeba hata hivyo. Nilikuwa nampigia mara kwa mara kuuliza. Alikuwa ananijibu, "Bado," kisha ananiuliza habari za kunguru. Baadaye nikaacha kuuliza, maana niliona namchosha, na daktari alikuwa ametuambia wazi kwamba huenda mkono ulipofikia ndipo hapohapo utakapoishia. Mambo ya kustaafu kwangu yakanibana, fomu na maagizo, nikakaa wiki kadhaa bila kumpigia.

Juzi asubuhi simu ikaita nikiwa nafagia uwanja. Ilikuwa namba yake, na alikuwa anapiga kelele hata kabla sijasema halo.

"Asteria! Chai imeniunguza!"

"Pole, mzee! Umeungua wapi?"

"Kidole cha shahada! Nimeshika kikombe cha bati, nikakitupa huko, chai yote iko kwenye mkeka, Somoe ananigombeza!" Nyuma yake nilimsikia Bi Somoe kweli anagomba, lakini katikati ya maneno alikuwa anacheka.

Niliegemea fagio. "Na kinauma?"

"Kinauma sana, mwanangu," akasema, na nikamsikia anakipuliza.